Maji ya Moto Kwenye Bia Nyeusi

Kwanza, wasomaji, naomba radhi kwa mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la saba, na penseli ninayoandikia ni ile ya kuchorea mbao, nene kama kidole cha mtoto, kwa hiyo herufi zangu zinatoka zimenona. Tahajia nayo mtanisamehe. Nikikosea neno silifuti, nalipiga msasa, na sasa karatasi hii ina tundu pale juu kulia ambalo unaweza kunichungulia. Naandika polepole. Bosi wangu amepita hapa, akanikuta nimeinama juu ya benchi na ulimi nje, akauliza kama naandika wosia.

Siandiki wosia. Naandika habari ya bia.

Mimi ni seremala. Karakana yetu iko Soweto, hapa Mbeya, na chumba nilichopanga kiko Ilomba. Wanaonifahamu watakwambia kwamba mimi si msemaji. Siyo maringo. Maneno kwangu huchelewa kufika, na yakifika yanakuta watu wameshahamia kwenye mazungumzo mengine. Shuleni nilikuwa najua jibu, lakini mkono niliunyoosha nusu, kama mtu anayejikuna sikio, na mwalimu akampa mwingine. Ndiyo maana naipenda kazi ya mbao. Mbao haikuulizi kitu, na ukinyamaza nayo kutwa nzima haioni vibaya.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja, mtaalamu wa kahawa, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Nilimtengenezea kabati la vitabu. Siku ya kulifunga nyumbani kwake alilizunguka, akapitisha kiganja kwenye ukingo, akafurahi. Kisha akaingia jikoni akatoka na chupa nyeusi ambayo sijawahi kuona mfano wake. Kioo chake kilikuwa kinene, na kizibo kilikuwa kimechovywa kwenye nta nyekundu kama mtu alitaka kutengeneza mshumaa akaghairi.

"Hii ni bia," aliniambia. "Wanaiita stauti ya kifalme. Ndiyo nzito kuliko zote. Imelazwa mwaka mzima ndani ya pipa la mbao, na pipa lenyewe lilikuwa la wiski. Wewe ni mtu wa mbao, utaielewa."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Usiinywe peke yako, inywe na watu. Na isiwe baridi. Ukiinywa baridi ladha inakufa."

"Sawa, mama," nikasema. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ya siku ile.

Hayo maneno, kwamba isiwe baridi, naomba uyaweke pembeni. Tutayahitaji.

Chupa niliificha kwenye sanduku la vifaa, chini ya maranda, na siku kadhaa nikawa nalifungua sanduku kuiangalia tu. Peke yangu nisingeinywa, maana nilikatazwa. Na watu wa kunywa nao niliwajua: wenzangu wa karakana wangeimaliza wakiwa wamesimama, halafu wangeuliza kama hakuna nyingine.

Jirani na karakana yetu kuna fundi cherehani, msichana wa Iringa. Huyu ndiye mwenzangu. Tulianzaje? Nilimwambia, "Mguu wa meza yako umelegea." Nikaukaza. Wiki iliyofuata nikamwambia mguu wa pili umelegea. Ulipofika wa nne aliniuliza, "Sasa meza ikiisha miguu utaniambia nini?" Nikaendelea kuukaza ule wa nne, akacheka, na tangu siku ile tumekuwa pamoja.

Tulipofika mahali pa kufikiria ndoa, akaniambia kwamba kabla ya mshenga, kabla ya barua ya posa, kabla ya chochote, lazima nionwe na bibi yake. Bibi ndiye aliyemlea, kijijini upande wa Ifunda, kwa kuuza ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi yake mwenyewe.

"Bibi hasemi ndiyo," alinieleza, huku akitia uzi kwenye sindano. "Na hasemi hapana. Wewe unakwenda na kinywaji. Pale kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayekifungua, ndiye anayeonja wa kwanza, na akishaonja anasema mbele ya watu ameonja nini. Halafu wengine ndio wanakunywa. Siku ya kuondoka Bibi anakurudishia chombo chako. Ukikuta ndani kuna kitu, maana yake rudi tena. Ukikuta kitupu, basi. Safari njema."

"Kuna aliyewahi kurudishiwa kitupu?"

"Mwalimu mmoja. Alileta kreti la soda. Alirudishiwa kreti lake, chupa zote zimeoshwa mpaka zinang'aa."

Nikamwonea huruma yule mwalimu, ingawa, kusema kweli, siyo sana.

"Kwa hiyo lazima niongee," nikasema.

"Lazima uongee. Bibi anasema mtu asiyesema ni kama mbeta iliyofunikwa, hujui ndani kuna ulanzi au kuna nyuki."

Mbeta ni kile kipande cha mwanzi wanachokingia ulanzi. Nikaanza kufikiria nyuki.

Nilimwonyesha ile chupa. Aliishika kwa mikono miwili, akasoma karatasi yake, maana yeye alifika kidato cha nne. "Hii ina kilevi asilimia kumi na mbili! Unataka kumuua bibi yangu au kunioa mimi?"

"Niliambiwa niinywe na watu."

Aliipima uzito, akanitazama, akasema, "Haya. Lakini usije ukasema 'ni nzuri' ukakaa chini. 'Ni nzuri' alisema yule mwalimu."

Tukaondoka siku ya Jumamosi. Chupa niliifunga ndani ya kiboksi cha paini nilichokitengeneza mwenyewe, nikaijazia maranda pande zote. Nilibeba pia mirija minne ya mwanzi mwembamba, niliyoitoboa vifundo vyake kwa waya wa moto na kuipiga msasa mpaka ikawa laini kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Mwenzangu aliiona akadhani ni zawadi ya urembo, hakuuliza. Njia nzima, toka Igawa hadi Mafinga, nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba kimoyomoyo. Kufika Ifunda ilikuwa imeshafutika yote isipokuwa "Shikamoo Bibi."

Ilikuwa masika, na kule kwao ukungu haukuwa umeinuka ingawa ilikuwa mchana. Bibi tulimkuta mlangoni, mwanamke mfupi, mnene, amejifunga kitenge juu ya sweta. Pembeni alikuwapo mjomba wa mwenzangu, dereva wa lori la mbao, mtu wa sauti kubwa, nadhani kwa sababu amezoea kushindana na injini.

"Kamwene!" Bibi akasema.

"Kamwene, Bibi. Shikamoo," nikajibu. Hapo nilikuwa nimetumia akiba yangu yote.

Mjomba alinizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. "Huyu ndiye fundi? Mbona mwembamba hivi? Mbao anazibeba au zinambeba?"

"Mwache," Bibi akasema. "Mtu wa Rungwe huyo, kakulia ndizi. Akikaa na ugali mwezi mmoja tu utamwona."

"Bibi, jamani!" mwenzangu akalalamika.

"Mimi nimesema nini? Nimesema atanenepa."

Tukaingia ndani. Katikati ya sebule kulikuwa na meza ndogo, na juu yake kitambaa cheupe kilichodariziwa majogoo wawili wanaotazamana. Mwenzangu alikidarizi akiwa darasa la sita, na Bibi hukitoa kwa padri na kwa wageni wa posa tu. Tuliletewa viazi vya kuchemsha na chai, tukala. Kisha Bibi akapangusa mikono, akakaa sawasawa, akasema, "Haya, baba. Tuone ulichotuletea."

Nilitoa chupa kwenye kiboksi. Mjomba akapiga mluzi. Niliivunja ile nta kwa patasi, nikang'oa kizibo, na hapo hapo harufu ikatoka, nene, tamu, yenye moshi. Mwenzangu akaleta jagi la plastiki na vikombe. Nikamimina nusu ya chupa. Wallahi sijawahi kuona bia ikimiminika vile. Ilishuka bila haraka kama oili ya gari, nyeusi, na jagi likawa jeusi mpaka huoni upande wa pili.

Sasa ngoja nikueleze kwanza jambo la kwetu. Mimi ni wa Rungwe. Nyumbani kwa babu yangu bia inayojulikana ni kimpumu, bia ya ulezi, nzito, nyeusinyeusi. Inawekwa chunguni, inamiminiwa maji ya moto, na watu wanaizunguka kila mmoja na mrija wake. Maji yakipungua, yanaongezwa mengine ya moto. Kimpumu bila maji ya moto ni chakula cha nguruwe. Mimi nilikua nikijua kwamba bia nyeusi, nzito, yenye heshima, ndivyo inavyonywewa. Na yule mama wa kahawa si alisema isiwe baridi? Kwetu bia ambayo si baridi ni ya maji ya moto. Sikuona ya katikati.

Kwa hiyo nikasema, "Bibi, naomba maji ya moto."

Mwenzangu aliondoka mbio akarudi na beseni na sabuni.

"Si ya kunawa," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya kwenye bia."

Mjomba aliuacha mdomo wazi. "Ya wapi?"

"Ya kwenye bia, Mjomba. Bia nyeusi hainywewi hivi hivi."

"Mimi nimelala Dar, nimelala Tunduma, nimelala mpaka Lubumbashi. Sijaona nchi ambayo bia inapikwa!"

"Kila nyumba na jiko lake," Bibi akasema. "Mpeni maji."

Mwenzangu alinipa birika huku ananikazia macho yanayosema, una uhakika? Nilikuwa na uhakika. Nadhani ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuwa na uhakika mbele za watu. Nikapanga mirija yangu minne kuzunguka jagi, nikainua birika, nikamimina.

Kimpumu ukikitia maji ya moto, kinatulia. Hii haikutulia. Ilitoa sauti kama paka aliyekanyagwa, na povu likanyanyuka, povu la rangi ya chai ya maziwa, likapanda jagi lote, likasimama ukingoni kidogo kama linafikiria, halafu likashuka nje pande zote.

"Sahani! Sahani!" mwenzangu akapiga kelele.

"Nyonyeni!" Mjomba akanguruma, akanyakua mrija, akaanza kulivuta povu kwa nguvu zake zote. "Nyonya, fundi, bia inakimbia!"

Nikanyonya. Tulinyonya wawili, vichwa vimegongana, kama ndama wa mama mmoja. Povu halikutuhofu. Lilishuka mezani, likaingia kwenye kitambaa cheupe, likamfunika jogoo wa kushoto mpaka kwenye upanga wa kichwa. Wa kulia akabaki anamwangalia.

Bibi alikitazama kitambaa. Akanitazama mimi. Ningekuwa msumari, ningeomba nyundo.

"Umeonja?" akauliza.

Na kweli nilikuwa nimeonja, maana ilikuwa imejaa mdomoni na sikuwa nimepata nafasi ya kumeza. Nikameza. Ilikuwa ya vuguvugu, chungu kwanza, kama uji wa ulezi ulioungua halafu mtu akautilia kahawa ili kuficha kosa. Lakini nyuma ya uchungu kulikuwa na kitu ninachokifahamu. Nilikijua kama ninavyojua harufu ya shati langu. Nikasahau kitambaa.

"Mbao," nikasema.

"Nini?"

"Nimeonja mbao."

Mjomba akapiga paja. "Mpe seremala bia, ataonja meza!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichofungua kitu kooni, kwa sababu maneno yalikuja, na safari hii hayakuchelewa.

"Siyo mbao mbichi, Bibi. Ni mbao iliyounguzwa. Msumeno ukiisha makali, halafu ukaulazimisha kwenye mninga, mbao inaanza kutoa moshi, na ule moshi ni mtamu, unakaa puani mpaka jioni. Ndio huu. Hili pipa walilichoma kwa ndani, kisha bia ikalala humo mwaka mzima, kwa hiyo imekunywa ile mbao kidogo kidogo. Sasa sisi tunainywa mbao kupitia bia."

"Na utamu?" Bibi akauliza. "Maana mimi nasikia harufu tamu."

"Utamu uko nyuma. Unafika ukishameza. Ni kama sukari guru uliyoiweka shavuni ukaisahau, halafu inakukumbusha."

"Na hiyo wiski ya pipa?" Mjomba akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania.

Nikanyonya tena, nikafikiria. "Wiski haipo. Ni kama mpangaji aliyehama. Chumba kimepigwa rangi, vitu vyake vimeondoka, lakini ukiingia unajua humu aliishi mtu, na alikuwa anavuta sigara."

Mwenzangu alinitazama kama mtu aliyekuta mguu wa tano kwenye meza yake. Niliongea mpaka nikasema habari ya nta, ya kiboksi, ya mirija na waya wa moto, ya babu yangu na chungu chake. Sijui niliongea kwa muda gani. Nilipofunga mdomo chai ilikuwa imepoa.

"Kumbe mdomo unao," Bibi akasema. "Chupani imebaki?"

"Nusu."

"Basi tuionje yenyewe, kabla hamjaichemsha nayo."

Tulimimina kwenye vikombe vya chai, kidogo kidogo. Bila maji ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikalia ulimi na kukataa kuondoka. Niliona kahawa, niliona kokoa, niliona zabibu kavu kama zile za kwenye keki ya harusi, na ile mbao ikaja mwisho na kufunga mlango. Tumboni ilishuka na taa mkononi. Mwenzangu aliionja, akafumba jicho moja, akasema, "Inatisha," kisha akasogeza kikombe aongezewe.

Bibi aliiweka mdomoni akaikalisha pale. Tulisubiri. Jogoo wa kweli akawika nje, hakuna aliyegeuka.

"Hii haina haraka," akasema mwishowe. "Ulanzi wangu asubuhi ni mtogwa, unampa hata mtoto. Jioni umeanza kuongea. Ukiuchelewesha zaidi unagombana na watu. Na huyu kakaa mwaka?"

"Mwaka, Bibi. Ndani ya mbao."

"Basi aliyemtengeneza ni mvumilivu, au alimsahau."

Halafu, bila kumwambia mtu, alivuta lile jagi la bia ya maji ya moto upande wake, akachukua mrija, akaanza kunywa polepole huku akitazama jiko la mkaa lililokuwa pembeni. "Lakini huyu wa kupikwa," akasema baada ya muda, "anafika mpaka kwenye magoti. Huyo wenu wa baridi anaishia kifuani."

Mjomba yeye alikuwa amejiwekea kikombe kilichojaa. "Mimi za namna hii nakunywa tano," alitangaza. Alipofika nusu akaanza kutueleza jinsi anavyolipenda lori lake. Alipobakiza robo alikuwa na machozi, kwa sababu lori halijawahi kumwambia asante. Kisha akalala kitini na mrija mdomoni, na kila akikoroma mrija ulikuwa unapiga filimbi.

Ningependa kusema kwamba pale nilijua nimeshinda. Sikujua. Jioni, wakati mwenzangu anatandika vitanda, nilisikia maji uani. Nikachungulia. Bibi alikuwa ameinama juu ya ndoo, anaosha ile chupa. Aliitia maji, akaitikisa, akamwaga. Akaitia mchanga na maji, akaitikisa tena. Akaiinua kwenye mwanga uliobaki akaangalia ndani kwa jicho moja. Ilikuwa inang'aa. Nikamkumbuka mwalimu na kreti lake, na safari hii nilimwonea huruma ya kweli.

"Labda anaosha tu," mwenzangu aliniambia nilipomnong'oneza. Lakini na yeye alikaa akichezea ncha ya kanga.

Asubuhi Bibi alirudi kutoka kwenye mianzi yake akiwa amelowa umande mpaka magotini. Tulikunywa chai. Kuhusu mimi hakusema neno. Alimuuliza mwenzangu bei ya vitenge Mbeya, akamsema Mjomba kwa kukoroma. Tulipobeba mizigo akaingia chumbani akatoka na kifurushi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ilikuwa chupa yangu, imefungwa ndani ya kile kitambaa cha majogoo. Doa la bia lilikuwa juu, kubwa, la kahawia, na jogoo wa kushoto ananitazama kutoka katikati yake.

"Haya," Bibi akasema. "Safari njema."

Nawauliza, ninyi mngefikiri nini? Nimerudishiwa chupa iliyooshwa, na uchafu wangu juu yake, na maneno yale yale. Uzito haukunisaidia, kwa sababu kioo chenyewe kizito, tupu ni nzito na imejaa ni nzito. Kuitikisa nisingeweza, Bibi alisimama mlangoni akituangalia mpaka tulipoipinda kona ya mianzi. Na hata baada ya kona sikuitikisa. Mwenzangu akasema, "Fungua." Nikasema tutafungua nyumbani. Kusema kweli nilitaka niendelee kutojua kwa kilomita kadhaa.

Kutoka kwa Bibi hadi barabara kuu ni mwendo wa kushuka na kupanda, na jua siku ile lilitoka kali kama limetumwa. Kituoni kulikuwa na kibanda cha bati, na chini yake mama anayeuza mahindi ya kuchemsha. Niliweka kifurushi juani, juu ya kiboksi, nikaenda kununua mahindi.

Nilikuwa nimeuma safu ya kwanza nikasikia paa!

Kitu kiligonga bati juu ya kichwa changu, kikaanguka miguuni. Gunzi. Kipande cha gunzi kilichochongwa vizuri kuwa kizibo. Nikageuka. Jogoo wa kushoto alikuwa anatema povu. Ulanzi ulikuwa unaruka kutoka mdomo wa chupa, mweupe, wenye kelele, unamwagikia kiboksi changu cha paini.

"Nani huyo kabana ulanzi na gunzi?" mama wa mahindi akafoka. "Mtu gani asiyejua ulanzi unapumua? Ninyi watu wa Mbeya mtatuua!"

"Si sisi," mwenzangu akasema. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. "Ni Bibi."

"Bibi yako anauza ulanzi?"

"Tangu sijazaliwa."

"Basi kabana makusudi," mama wa mahindi akasema, akarudi kwenye sufuria yake, habari imekwisha.

Mwenzangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake nzuri, na machozi yakamtoka, na sikujua kama ni ya kicheko yote. Mimi nilisimama na hindi mkononi. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema, lakini yalikuwa yamerudi kwenye tabia yao ya kuchelewa. Nikaiokoa chupa. Ilikuwa imebaki na ulanzi nusu, sawa na ile nusu ya bia niliyoibakiza mimi nilipomimina kwenye jagi. Tukaunywa pale pale kwa zamu, na mama wa mahindi tukampa. Alisema ni mzuri, ila umechelewa kidogo.

Chupa sasa iko hapa karakana, juu ya rafu, nimeitandikia kile kitambaa. Doa sijalifua. Mshenga ameshapatikana, ni bosi wangu, yule anayedhani naandika wosia, na tunapanga safari mahindi yakishavunwa. Na hapo ndipo ninapokwama, ndiyo sababu ya barua yangu hii. Mwenzangu anasema chombo cha kwao hakirudi kitupu upande wowote. Bibi amenirudishia na kitu, na mimi lazima nikirudishe na kitu. Bia nyingine kama ile sina, na yule mama wa kahawa amehamia mbali. Bosi anasema nijaze asali. Mwenzangu anasema nijaze mafuta ya alizeti, Bibi atayatumia. Mjomba ametuma ujumbe kwamba nijaze chochote, mradi nije na birika langu.

Kwa hiyo, wasomaji, hasa wenye bibi, nawaomba mniandikie. Mniambie kwenu chupa ya namna hii ingerudi na nini. Msione aibu kwa mwandiko. Hata kama wenu ni mbaya kuliko wangu nitausoma, ila msinisumbue na majibu ya haraka haraka, kwa sababu nasoma polepole vilevile.